Nilivyokwenda Kumpokelea Anjela Zawadi

Aibu yangu ya siku ya kufunga shule sijawahi kuisimulia mwenyewe. Huwa nasimuliwa, tena nikiwa nimekaa palepale, na kila msimuliaji anaongeza la kwake: mmoja atasema nilikuwa nimelewa, mwingine atasema nilicheza mpaka nikavunja kiti, na yupo mmoja wa Mbinga mjini (ambaye siku hiyo hata hakuwepo) anayeapa kwamba nililia. Sasa leo mmenishika, na mvua hii haina dalili ya kukatika, basi acheni niseme mwenyewe ilivyokuwa. Sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ingekuwa nafuu, maana mlevi kesho yake husamehewa. Kiti sikuvunja. Hilo la kulia tutalifikia.

Mimi ni mkulima wa hapa Namswea, kahawa kidogo, mahindi, maharage, na nguruwe wawili watatu. Mke wangu ni Mnyasa wa Mbamba Bay, na mambo yote ya shule ya mtoto wetu Anjela yalikuwa mikononi mwake. Si kwamba niliyakataa, ila yalijigawa hivyo yenyewe: yeye vikao, sare na daftari, mimi shamba. Tangu mtoto aanze darasa la kwanza mpaka anakaribia kumaliza la pili, shuleni nilifika mara moja tu, kupeleka mahindi ya uji wa wanafunzi, na nikaishia mlangoni mwa stoo.

Katikati ya mwaka mwalimu wake, Mwalimu Kapinga, alimwita mke wangu akamwambia kwamba mtoto hasomi, anaimba. Yaani ukimfungulia ukurasa anaouzoea anautiririsha wote bila kukosea, hata kitabu ukikishika juu chini, lakini ukimwonyesha neno moja peke yake anakutazama usoni kama vile jibu limeandikwa kwenye paji lako. Hesabu za kujumlisha alikuwa anajikongoja, ila zile za kutoa kwa kukopa hakujua kabisa mkopo unatoka wapi na unakwenda wapi. Mwalimu akasema wazi kwamba mtoto atakayefika mwisho wa mwaka hajui kusoma wala kuhesabu atabakia la pili, wenzake waende la tatu.

Mke wangu siku hiyo hakula. Kuanzia kesho yake, kila jioni wakawa wanakaa wawili kwenye mkeka, ba be bi bo bu, na mimi nikipita na ndoo kwenda kulisha nguruwe nawaambia, "Kazaneni." Huo ndio ulikuwa mchango wangu kwa elimu ya mtoto, neno moja, na hata hilo nalisema huku natembea.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mama mkwe aliteleza uani kwake akavunjika mguu, ikabidi mke wangu ashuke ziwani kumwuguza. Anjela akabaki na mimi. Ndipo nikaanza kusikia habari za shule, kwa sababu mtoto hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Tukikaa kula ananiambia, "Leo Anjela amesoma hadithi nzima." Kesho yake, "Leo Anjela amepata zote, tumempigia makofi." Siku nyingine, "Anjela kamfundisha mwenzake kukopa." Mimi natabasamu na ugali mdomoni. Watoto wadogo si mnawajua, hujitaja kwa majina yao (wa kwangu alipokuwa anaanza kuongea alikuwa anasema "Anjela anataka uji"), kwa hiyo nikaona ni mtoto anajidekeza tu kwa kuwa mama yake hayupo. Sikumuuliza hata swali moja. Nilimwambia, "Kazana."

Nikampigia simu mama yake kumpa habari njema. Akaniuliza kama nimemsikia mtoto akisoma. Nikasema nimemsikia (kwa maana ya kwamba nimemsikia akisema amesoma, na katika hali ile sikuona tofauti). Basi akanipa maagizo ya siku ya kufunga shule, na alinipa polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: nivae viatu, niwahi, nikae, nisikilize, nipokee matokeo, nirudi nyumbani. Mwisho akaongeza kwamba nisiongee sana. Nilicheka. Nilimwambia mimi naongea lini.

Siku yenyewe ikafika. Anjela alikwenda shuleni asubuhi na wenzake, mimi nilikuwa shambani tangu alfajiri, kwenye ngoro, haya mashimo yetu ya miteremkoni yanayoshika maji yasiondoke na udongo, napanda mahindi juu ya matuta yake. Shughuli ilikuwa ianze saa tatu. Saa ilipokaribia, zilikuwa zimebaki ngoro chache za upande wa juu, na wingu lilikuwa limeshaanza kufunga, nikajiambia nimalizie hizi tu, maana shughuli za shule mwanzo wake ni salamu na utambulisho, nani anakwenda kusikiliza utambulisho. Uamuzi wenyewe ndio huo. Ni mdogo, ni wa mtu mwenye akili zake timamu, na yote yaliyonipata yalitoka humo.

Kwa sababu nilipomaliza, mvua ikashuka. Nyumbani kupita kubadilisha nguo hakuna tena muda, nikakata moja kwa moja kuelekea shuleni na mabuti yangu ya mvua yenye udongo wa shamba mpaka magotini, na koti la zamani ambalo siku hizi mke wangu amelichukua kufunikia kuni. Nikakuta mkutano umehamishwa kutoka uwanjani, watu wote wamesukumwa ndani ya vyumba viwili vya madarasa ambavyo katikati yake kuna ukuta wa mbao unaotolewa. Wazazi kwenye madawati, watoto chini kwenye mikeka, sisi wachelewaji tumebanana mlangoni nyuma. Juu ni bati tupu, halina dari, na mvua ya Namswea mnaijua ikilipiga bati. Mbele kabisa kulikuwa na meza yenye kitambaa, amekaa afisa elimu kata, mama mmoja mwenye miwani, na pembeni yake zimepangwa zawadi: daftari, kalamu, na mabeseni ya plastiki yenye maua. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, ameletwa mwaka uleule kutoka Songea, hakuwa anatujua sura, na alikuwa anaongea kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinatoa maneno mawili na kumeza matatu.

Baadaye ndiyo nikaja kuambiwa kwamba kabla sijafika alikuwa ameeleza kila kitu vizuri: kwamba darasa la pili lina mikondo miwili, ambayo kwenye kusoma na kuhesabu mara nyingi huchanganywa pamoja, kwamba ataanza na mkondo B halafu A, na kwamba wazazi wasubiri mtoto asimame kwanza. Mimi hata kwamba kuna mikondo nilikuwa sijui. Nilichosikia mimi, kule mlangoni, ni hiki: darasa la pili, kusoma, kuandika na kuhesabu, wa kwanza, Anjela O... hapo bati likameza, halafu Ndunguru.

Na mimi ni Osmundi Ndunguru.

Sijui miguu iliamua saa ngapi. Nilikuta nimeshaanza kwenda. Kwa kawaida mzazi anamtafuta mtoto wake, anamshika mkono, wanakwenda pamoja, lakini mimi kumtafuta mtoto sikukumbuka, nilichokumbuka ni mke wangu alivyokataa kula siku ile, na kwamba sasa mtoto si tu hatabaki la pili, bali ni wa kwanza, wa kwanza kabisa. Nikapita katikati ya madawati naomba radhi huku na huku, nikamkanyaga mtu, nikaacha tope kwenye kanga ya mama mmoja, na watu wakaanza kupiga makofi, maana mtu akienda mbele kwa kasi namna ile unampigia tu. Mwalimu mkuu akanipa mkono, akaniuliza kama ndiye mzazi, nikajibu ndiye mimi, Ndunguru. Akanikabidhi beseni na daftari zake.

Mtu mwingine hapo angesema asante akarudi kukaa. Lakini mwalimu mkuu (Mungu ambariki, nia yake ilikuwa njema) akanipa na kipaza sauti. Akasema ni nadra kuona baba amekuja kwenye shughuli hizi, kwa hiyo niwaeleze wazazi wenzangu ninavyomsaidia mtoto nyumbani ili nao wajifunze.

Ndugu zangu, nilieleza. Nilisema siri ni mzazi kuwa karibu na mtoto. Nilisema kwangu halali mtu kabla kitabu hakijafunguliwa. Nilisema wababa wa Namswea tumewaachia wanawake kila kitu na ni aibu (jirani yangu Baba Festo, ambaye kila jioni ananiona na ndoo ya nguruwe, alikuwa amekaa dawati la tatu, akabaki ameachama). Nilisema hesabu za kukopa nilimfundisha mwenyewe kwa punje za mahindi. Hilo la punje sijui hata lilitoka wapi, lilikuja mdomoni lenyewe, zuri, limekamilika. Na kwa vile walikuwa wananipigia makofi, nikaongeza la mwisho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu shambani nasimama kwanza. Nilisema, "Wa kwangu hakariri. Mpeni kitabu chochote, ukurasa wowote, atasoma hapahapa mbele yenu."

Nikahisi beseni linavutwa. Nikatazama chini, nikaona kitoto cha kike, chembamba, kimevaa sweta lililoisha viwiko, kinalitazama beseni. Sikukijua. Nikakiambia kwa upole wa kibaba, na kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, "Kaa chini mwanangu, usubiri zamu yako."

Watoto ndio walioanza kucheka, maana wao walikuwa wanajua. Nyuma ya yule mtoto nikamwona bibi mmoja anakuja polepole kati ya madawati, mkono mmoja una fimbo, mwingine una kitenge kipya kilichokunjwa, cha kumfunika mjukuu. Watu walikuwa wanampisha. Alipofika nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. "Huyu ni wangu."

Nikamwambia kwa heshima kwamba aliyeitwa ni Anjela Ndunguru.

"Ndiye huyu. Anjela wa Otmari. Otmari ni mwanangu, yuko Tunduru machimboni, mtoto ninaye mimi."

Mwalimu Kapinga akaja haraka akaniinamia sikioni kunistiri, ila kipaza sauti nilikuwa nimekishika karibu, na siku nzima hakikuwahi kusikika vizuri kama dakika hiyo. Jengo zima likamsikia ananinong'oneza, "Baba Anjela, huyu ni Anjela wa mkondo B. Wa kwako yuko A. Bado hatujafika."

Kicheko kilichofuata kilishinda mvua. Lakini mimi, mniamini msiniamini, kicheko hakikuniuma wakati ule, kwa sababu kichwani nilikuwa nasikia kitu kingine. Nilikuwa nasikia mazungumzo ya ugali. Anjela amesoma hadithi nzima. Anjela amepata zote, tumempigia makofi. Tumempigia, alisema, na mimi nilikuwa natafuna. Anjela kamfundisha mwenzake kukopa. Mtoto wangu hakuwa anajisifu, alikuwa ananisimulia habari za rafiki yake. Na huyo mwenzake aliyefundishwa ni nani kama si yeye. Jasho likanitoka na mvua yote ile. Sikujua kama mtoto wangu anasoma au hasomi, sikujua lolote, na nilikuwa nimetoka kuwaambia watu wa kata nzima wampe kitabu chochote.

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amekaa mkekani karibu na ukuta, hacheki, amevuta kola ya sweta lake mpaka puani.

Nikaondoka pale mbele. Nimeshafika katikati ya madawati, mwalimu mkuu akaita, "Baba, beseni." Ndiyo, nilikuwa naondoka nalo. Nikarudi, nikampa bibi kwa mikono miwili, nikamwomba radhi, akaitika kwa kichwa. Akamfunika mjukuu wake kitenge, akainua uso ili apige kigelegele, ila jengo lote lilikuwa linacheka, linanicheka mimi, na kigelegele chake hakikutoka. Alifunga mdomo akamshika mtoto mkono wakarudi kukaa. Kama mnataka kujua aibu yangu ilikuwa wapi, ilikuwa hapo. Hizo nyingine ni vituko. Nilikuwa nimemharibia bibi yule siku aliyoingojea mwaka mzima.

Nikasema basi, imekwisha, nitasimama mlangoni, nitapokea karatasi, nitapotea kwa njia ya migombani. Lakini afisa elimu kata akaomba kipaza sauti. Yeye hakuwa amecheka. Akasubiri watu watulie, akasema baba ametoa ahadi kwamba mtoto wake asome ukurasa wowote, na si vizuri ahadi ibaki hewani, huyo Anjela wa pili yuko wapi.

Nikasema kwa sauti kutoka kulekule, "Mama, mimi niliteleza ulimi. Mtoto hana kosa."

"Ndiyo maana namwita," akasema. "Kama hataki, hatalazimishwa."

Mwalimu Kapinga akapiga magoti mkekani akamuuliza kitu taratibu. Nilikuwa naomba akatae. Kwa kweli niliomba, nikimtaja na mtakatifu wa parokia yetu. Mtoto akashusha ile kola, akatikisa kichwa kukubali, akasimama.

Afisa hakumpa kitabu cha darasani kwao. Akafungua mkoba wake akatoa kingine, cha hadithi, akakifunua katikati. Anjela akakishika. Pale alipokuwa amesimama meza ilimfika kidevuni, wakamsogeza pembeni ili aonekane, akaweka kidole kwenye mstari, na jengo likanyamaza mpaka ikabaki mvua tu, nayo ilikuwa inapungua.

Hakusoma mara moja. Muda ule mimi niliuona mrefu kama kwaresima. Halafu akaanza, silabi kwa silabi, kidole kinatambaa. Ma-ri-a-mu a-li-a-mka ma-pe-ma. A-li-chu-ku-a ndo-o. Hakuwa anaimba. Nilikuwa naujua wimbo wake, nilikuwa nausikia kila jioni nikipita na ndoo, na huu haukuwa wimbo, huu ulikuwa kazi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, kila hatua ameikanyaga mwenyewe. Akafika kwenye neno akakwama. Akajaribu, akarudi, akakwama tena. Akainua macho.

Akanitazama mimi. Katikati ya watu wote wale akanipata kule mlangoni, usoni, kama Mwalimu Kapinga alivyosema kwamba akikwama hutafuta jibu usoni mwa mtu. Na uso wangu haukuwa na jibu lolote. Hata neno lenyewe nilikuwa silijui, kitabu kilikuwa mbele, mimi nyuma. Nilichoweza ni kumwinamishia kichwa tu, kama kumwambia nipo. Akarudisha macho kitabuni. Akalifunika neno kwa kidole, akawa analifunua herufi kwa herufi.

"Ngo," akasema. "Ng'o... ng'ombe."

Akaendelea. Alimaliza ukurasa, akafunua wa pili bila kuambiwa, akasoma mpaka afisa mwenyewe akamshika bega kwamba inatosha.

Kisha wakampeleka ubaoni, hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. Akachora vijiti pembeni mwa ubao, vifungu vya kumi kumi, akasimama akaviangalia, akafuta kifungu kimoja akakichora upya kwa kijiti kimoja kimoja, akatoa, akahesabu, akaandika ishirini na tano. Afisa akamuuliza kwa nini amefuta kile kifungu.

"Mbili haitoi saba," Anjela akasema. "Nimekopa kwa jirani."

"Nani alikufundisha?"

Hapo nikatazama mabuti yangu. Nilijua watu wote wanakumbuka zile punje za mahindi.

"Mama," akasema, "na Anjela." Akamwonyesha kwa chaki yule mwenzake aliyefunikwa kitenge.

Mimi hakunitaja, na alikuwa sahihi.

Kigelegele cha kwanza kilitoka upande wa madawati ya mbele. Kilikuwa cha sauti ya kizee, kina mikwaruzo, na kilikuwa kirefu. Ni yule bibi. Kile kigelegele nilichomzuia kukipiga kwa mjukuu wake, alikipiga kwa mtoto wangu, na akina mama wengine wakakipokea mpaka bati likaitikia. Sasa wanaosema nililia, hapa ndipo wanaposemea. Mimi niliinama tu, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimevaa mabuti ya mvua, hayana kamba.

Mkondo A ukasomwa. Anjela wangu alikuwa wa katikatikati, karibu na beseni hata hakufika, lakini kwenye karatasi yake Mwalimu Kapinga alikuwa ameandika kwamba anasoma, anaandika, anahesabu, na mwaka unaofuata anaingia la tatu. Niliisoma karatasi ile nimesimama, nikaikunja nikaiweka mfuko wa shati ndani ya koti isilowe. Nikamwomba mwalimu msamaha. Akasema wababa wengi wakija huwa wanakaa nyuma wanachezea simu, angalau mimi nilikuwa macho.

Nje mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Nikamkuta bibi amejikinga chini ya bati na mjukuu wake, nikamwamkia upya, nikamwomba radhi upya, vizuri, bila kipaza sauti. Nikamwambia nimemwibia furaha yake.

"Umekuja," akasema. "Wengine hawaji kabisa."

Sikumwambia kwamba mpaka siku ile mimi nami nilikuwa miongoni mwa hao wengine. Akanitazama mabuti, akasema njia ya kwao ina utelezi na yeye ana fimbo mkono mmoja, kwa hiyo nimsaidie kubeba beseni. Ungekataaje? Nikalibeba, na daftari ndani, nikalifunika kwa kitambaa alichonipa bibi.

Ndivyo nilivyopita Namswea yote mchana kweupe na beseni la zawadi. Akina Anjela wawili wametangulia wameshikana mikono, wanasoma kila kitu kilichoandikwa njiani, mlango wa duka, kibao cha zahanati, mfuko wa mbolea uliotupwa mtaroni, yule wa Otmari anasoma kwa kasi na wa kwangu anamfuata nyuma anamalizia, na mimi nyuma yao na bibi. Na kila aliyekuwa hajafika shuleni akiniona na beseni ananipa hongera. Fundi cherehani akatoka kibarazani, hongera sana Baba Anjela. Vijana wa bodaboda, hongera mzee. Kila mara ikabidi nisimame nieleze kwamba si letu, ni la Anjela wa Otmari, na wakiuliza imekuwaje nimelibeba mimi, nieleze tena tangu mwanzo, huku bibi amesimama pembeni ananisahihisha nilipopunguza. Kwa hiyo msimlaumu mtu, habari hii niliisambaza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Jioni simu ikalia kabla sijapiga. Mke wangu alikuwa ameshapata yote kutoka kwa binamu yake. Nikaanza kujieleza, akanikatisha.

"Hayo yako sijayauliza. Umemsikia mwenyewe akisoma?"

"Nimemsikia mwenyewe. Alikwama kwenye ng'ombe, akapita, akafunua na ukurasa wa pili."

Nikasikia anamwambia mama yake kwa Kinyasa, na mama mkwe na mguu wake uliovunjika akashangilia kitandani. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia vile tangu katikati ya mwaka. Akasema basi, sasa anaweza kula, na kwamba habari zangu atakuja kuzisema akifika. Na alifika, na alizisema, kwa utaratibu, asubuhi na jioni, nikasikiliza zote, na kwa kweli nilikuwa na amani. Mtu ambaye mtoto wake anasoma anaweza kugombezwa muda mrefu tu.

Nimejifunza nini? Kwanza, ngoro hazikimbii, zitanisubiri. Pili, mtoto akiniambia habari wakati wa kula, namuuliza, nani huyo, wa wapi, ikawaje, mpaka siku nyingine ananiomba niache maswali tumalize kula. Vikao vya shule nakwenda, nawahi, navaa viatu vyenye kamba, na mtu akinisogezea kipaza sauti nampisha kipite kwa jirani. Na jina la mwanangu likitajwa, hata yatajwe yote matatu tena taratibu, sinyanyuki kwenye dawati mpaka nimuone yeye mwenyewe amesimama.